Ubao Ulisema Ngapi?

Mara Mbili alifunga mlango wa gari, akatembea hatua kumi, akarudi kuuvuta mpini. Ulikuwa umefungwa. Akaondoka tena, safari hii bila wasiwasi.

"Twende kaka," alisema. "Sasa umefungwa."

"Hata mwanzo ulikuwa umefungwa."

"Mwanzo nilidhani. Sasa najua."

Kaka yake, fundi wa kushona viti vya pikipiki, alishaanza kutembea. Begani alikuwa na mfuko wa kitambaa wenye mkate, mayai manne ya kuchemsha na chupa ya chai. Chini kabisa mlikuwa na kitu bapa, kikubwa kama sinia dogo, kilichoviringishwa kwa kipande cheusi cha ngozi bandia. Asubuhi mkewe alikipapasa akauliza ni nini. "Bati," alimjibu, na huo haukuwa uongo.

Katika ukoo wao hakuna aliyekumbuka lini hasa mdogo mtu alianza kuitwa Mara Mbili. Jina lilimkaa kama nguo aliyoshonewa. Alifunga gesi mara mbili. Alihesabu ngazi akipanda, akazihesabu tena akishuka. Siku ya harusi ya mpwa wao alirudi nusu ya safari kuangalia kama pasi imezimwa; alipofika ukumbini ndoa ilikuwa imekwisha, akawahi picha tu. Mke wa Fundi alikuwa na mzaha wake ambao haukuchuja: "Shemeji siku akifa atarudi kukagua kama kaburi limefukiwa sawasawa." Watu walicheka, na Mara Mbili naye alicheka, kwa ule upole wake wa mtu anayejua kwamba wanaomcheka ni watu wake. Kwenye ghala la dawa alikokuwa mtunza stoo, tabia hiyo ilimpa heshima. Kila boksi lilihesabiwa mara mbili, na kwa miaka kumi na sita halikupotea hata moja.

Fundi peke yake alijua tabia hiyo ilizaliwa lini. Alijua siku na alijua saa. Ilikuwa Jumapili, saa tisa na dakika chache alasiri, miaka kumi na tisa iliyopita, katika uwanja huu huu waliokuwa wanauingia sasa na tiketi mkononi.

Tangu siku hiyo hakuwa amerudi. Watu walishangaa kwamba fundi aliyeshona viti vya nusu ya waendeshaji wa mji ule hakanyagi mbioni. Alikuwa na jibu lake: kelele zinamuumiza kichwa. Kilichomtoa safari hii ni simu ya binti wa mdogo wake. Binti huyo, aliyeitwa Sindano kwa jinsi alivyopenya pasipopenyeka, alikuwa katika msimu wake wa kwanza wa mbio za kulipwa. Mtu aliyekuwa akimshikia ubao wa mizunguko alikuwa anahamia timu nyingine.

"Nilimwomba baba," Sindano alisema kwenye simu. "Kakataa. Kasema macho yake hayana dhamana. Kasema nikuombe wewe, baba mkubwa. Eti ulimshikia ubao misimu mitano alipokuwa mwendeshaji, na hukukosea hata mara moja."

Fundi alikuwa ameshika koleo la kuvutia ngozi. Aliliweka juu ya meza taratibu, kana kwamba lingeweza kuvunjika.

"Kasema hivyo?"

"Kasema aliyekosea alikuwa yeye. Njoo Jumapili utazame tu, uone kazi ilivyo siku hizi. Majina tunapeleka jioni hiyo hiyo. Utanijibu ukiwa hapo hapo."

Basi alikuja kutazama. Na alikuja na kile kibati, kwa sababu usiku mmoja kabla ya safari aliamua kwamba hawezi kuupokea ubao ule kwa jina safi ambalo si lake. Ama atasema leo, ama hatasema tena.

*

Jukwaa lao lilikuwa mkabala na ukuta mfupi wa zege unaotenganisha barabara ya mbio na mabanda ya mafundi. Viti vilikuwa vya plastiki, vimepauka kwa jua. Fundi alikibonyeza chake kwa kidole gumba kabla ya kukaa, kwa mazoea ya kazi, akaguna. Nyuma yao alikaa jamaa mnene, kinyozi kwa kazi, mwenye tarumbeta la plastiki na maoni juu ya kila kitu.

"Mzee, hicho kiti hakina sponji, usikitafute," kinyozi alimwambia. "Hapa tunalipia mateso."

"Nimeona."

"Mara ya kwanza?"

"Ya kwanza kukaa," Fundi alijibu. Kinyozi hakuelewa, lakini hakuwa mtu wa kukwazwa na kutoelewa.

Mbio za asubuhi zilikuwa za pikipiki ndogo. Zilipita kama nyuki waliochokozwa, zikaacha harufu ya mafuta na mpira uliopata moto. Mara Mbili alichangamka kuliko kaka yake alivyomwona kwa miaka. Alimweleza nani ana breki za kuchelewa, nani anaogopa kona ya tatu, tairi gani limekwisha. Alikuwa hajasahau kitu. Mwendeshaji mmoja alipoteleza na kuanguka kwenye changarawe, akainuka akipangusa suti, kinyozi alipiga tarumbeta na kupaza sauti: "Pole baba! Kitanda umeshakipata, sasa shuka!" Mara Mbili alicheka mpaka akafuta machozi.

"Huyo kaingia na gia ya juu," alisema. "Nilishafanya hivyo pale pale. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulinishonea suti siku hiyo hiyo. Kwa sindano ya viti!" Akacheka tena. "Nilikimbia mbio za pili nikinuka gundi."

Fundi alitabasamu. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, juu ya ile ngozi bandia. Alisema moyoni: wakimaliza mzunguko huu. Wakamaliza. Akasema: wakimaliza mbio hizi. Zikamalizika, washindi wakapewa vikombe, na yeye akamenya yai.

*

Kazi ya mshika ubao ni rahisi kuieleza. Mwendeshaji aliye katika mbio hahesabu. Akili yake yote iko kwenye kona inayofuata. Kila akipita mbele ya ukuta, mtu wake humwinulia ubao wenye namba ya mizunguko iliyobaki. Enzi zao namba zilikuwa vibati vilivyotundikwa kwenye ndoano moja, kimoja mbele ya kingine, namba kubwa mbele, namba ndogo nyuma. Kila mzunguko mshika ubao huchomoa kibati cha mbele, na kilichokuwa nyuma yake huonekana. Wasichokijua wengi ni kwamba mshika ubao haoni anachoonyesha. Uso wa ubao unamtazama mwendeshaji. Yeye ameshika mgongo wake, na anaamini vidole vyake.

Jumamosi ile ya miaka kumi na tisa iliyopita, Fundi aliona namba zimefifia. Alizipaka rangi nyeupe upya. Hakutumwa na mtu. Alikuwa fundi, na fundi haachi kitu kilichochakaa mbele yake. Jioni mvua ikanyesha, hewa ikawa nzito, na asubuhi rangi ilikuwa bado inanata kidogo. Akavipanga hivyo hivyo, akijiambia jua litamalizia. Jua lilimalizia kweli. Liligandisha namba tatu na namba mbili zikawa kibati kimoja.

Mdogo wake alikuwa anaongoza kwa sekunde nne nzima. Ilipobaki mizunguko miwili, Fundi alichomoa namba tatu, namba mbili ikatoka nayo, akainua ubao. Mdogo wake akapita, akatikisa kichwa kuonyesha ameona. Alichoona ni namba moja. Aliporudi tena mbele ya jukwaa aliamini amemaliza. Mshika bendera alikuwa amesimama na bendera yake ya miraba ya kumalizia mbio imekunjwa, lakini nani huangalia bendera akiwa na hakika? Akainuka kwenye kiti, akaachia mafuta, akawapungia watu mkono. Wanne wakampita wakiwa wamelala juu ya matangi. Jukwaa zima likacheka kwa pumzi moja.

Ukutani, Fundi alitazama mkono wake. Kibati kilikuwa kinene kuliko kawaida. Alivibandua kwa ukucha, akavitia sandukuni, kimoja, kisha kingine. Na kwa kuwa sasa kweli ulibaki mzunguko mmoja, namba moja iliyokuwa ubaoni ilikuwa sahihi. Kosa lilijifuta lenyewe.

Mdogo wake alimaliza wa tano. Alikuja bandani helmeti ingali kichwani, kioo amekipandisha juu. Nyuma yake alisimama mwenye timu, na nyuma ya mwenye timu mgeni kutoka timu kubwa ya ng'ambo, aliyekuja siku hiyo kumtazama kijana huyo na si mwingine, mkataba ukiwa ndani ya jalada kwapani mwake.

"Kaka, ubao ulisema ngapi?"

Wote walimtazama Fundi. Ilikuwa kana kwamba wanamtazama kwa mara ya kwanza, huyu mshona viti aliyeingizwa kwa sababu ya undugu.

"Mbili," alisema.

Alidhani atamwambia nyumbani, wakiwa wawili. Alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake amekwisha omba radhi kwa kila mtu: mafundi, mwenye timu, mama yao kwenye simu. *Nilikosea kusoma.* Ungemrudisha vipi mtu aliyekwisha piga magoti? Fundi akasubiri siku ipoe. Siku zinapoa haraka. Ndilo tatizo lake.

Mdogo wake alikimbia mbio tatu zaidi. Kila akipita ukutani alipunguza mwendo kidogo ili asome ubao, kisha ageuze shingo ausome tena, na kila mara wenzake wakamwacha. Akaenda kwa daktari wa macho. Fundi alimsindikiza, akakaa naye kwenye benchi. Alizisoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho, wenye herufi ndogo kama wadudu. "Macho haya," daktari alisema, "ningeyapata mimi ningefurahi." Wakashuka ngazi. Katikati ya ngazi mdogo mtu akasimama. "Basi ni kichwa," alisema. Na kwa mara ya kwanza Fundi alimsikia akihesabu ngazi zilizobaki kwa sauti.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Fundi hayakungoja ujukuu. Yalihamia kwake siku ile ile, yakala naye meza moja miaka kumi na tisa.

*

Saa saba mchana Sindano alikuja mpaka kwenye uzio wa jukwaa, suti ya ngozi amefungua mpaka kiunoni, mikono ya suti ikining'inia. Alikuwa mwembamba, na nywele zimelowa jasho.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Unaonaje barabara?"

"Inateleza kona ya pili. Baba, umeona nilivyoanza majaribio?"

"Nimeona," Mara Mbili alisema. "Klachi unaiachia kama unamwogopa mama yako."

"Nani hamwogopi mama?" Akacheka, akamgeukia Fundi. "Haya, jibu langu. Karatasi iko mezani, imebaki jina tu."

"Baada ya mbio zako."

"Baba mkubwa, unaringa!"

"Mwache aringe," Mara Mbili alisema. Alimwekea kaka yake mkono begani. "Mtu wa namna hii haombwi mara moja. Ukutani hakuna kama yeye. Mimi macho yangu yaliniangusha siku moja ya maana maishani, yeye yake hayakumwangusha kamwe. Nakwambia, mshike huyu."

Sindano akaondoka akikimbia kwa viatu vyake vizito. Mkono wa Mara Mbili ulibaki begani kwa kaka yake muda kidogo. Ulikuwa mwepesi, lakini Fundi alikaa chini yake kama mtu aliyebebeshwa injini.

*

Mbio za pikipiki kubwa zilikuwa za mizunguko kumi na minne. Mara Mbili alitoa mfukoni vifungo kumi na vinne vya shati, akavihesabu kiganjani, akavihesabu tena, akavirudisha mfuko wa kulia. Kila mzunguko angehamisha kimoja kwenda wa kushoto.

"Na wewe hesabu," alimwambia kaka yake. "Tukitofautiana tunafuata yako."

Pikipiki ziliondoka kwa mngurumo uliotetemesha viti. Sindano alianza wa nane. Mzunguko wa tatu alikuwa wa saba, wa sita akawa wa sita. Kinyozi alikuwa amemchagua kuwa wake kwa sababu tu ya jina.

"Sindano! Wachome! Wachome hao!"

"Ni binti yangu," Mara Mbili alimwambia, bila kujizuia.

"Wako? Mzee, kwa nini umekaa kama uko msibani? Simama!"

Kila pikipiki zikipita, kwa sekunde chache hapakuwa na dunia nyingine. Kisha sauti ilikimbilia nyuma ya kilima, na kwa dakika moja na kitu watu waliweza kuzungumza. Ilikuwa katika kimojawapo cha vimya hivyo, ilipobaki mizunguko mitano, ndipo Fundi alipoutazama ubao wa Sindano.

Kutoka pale jukwaani ulionekana uso kwa uso. Misimu mitano ameshika mbao, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuuona ubao kama mwendeshaji anavyouona. Namba tano ilikuwa nyeupe juu ya weusi, ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Hakuwa na miwani, alikuwa na miaka hamsini na minne, na aliisoma bila kukaza macho. Mtoto wa darasa la kwanza angeisoma. Mlevi angeisoma. Kwa miaka yote alikuwa amejibakishia kajisababu kadogo, kwamba huenda mdogo wake angekosea hata hivyo, kwa vumbi, kwa mwendo, kwa uchovu. Kajisababu hako kalifia pale.

"Inasomeka, eh?" Mara Mbili alisema. Alikuwa ameyafuata macho ya kaka yake. "Najua unachofikiri. Na mimi hujiuliza. Namba kubwa namna ile." Akahamisha kifungo. "Nikwambie kitu cha kijinga, kaka? Mimi niliona moja. Mpaka leo nikifumba macho naiona moja. Najua ilikuwa mbili, ulikuwepo, ulishika. Lakini mimi naiona moja. Sasa mtu kama huyo ungempa ubao wa mtoto?"

Pikipiki zikaja. Zikapita. Sindano wa tano.

"Ilikuwa moja," Fundi alisema.

"Mm?"

"Ubao ulisema moja."

Mara Mbili alimtazama, kisha akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayepewa zawadi asiyoistahili. "Asante kaka. Lakini usinibembeleze, nimeshazoea."

Fundi alitia mkono mfukoni, akatoa kile kitu bapa, akafungua ngozi bandia. Kilikuwa kibati cheusi chenye namba tatu nyeupe. Akakigeuza. Nyuma yake, juu ya bati tupu, ilikuwa imenata alama ya rangi nyeupe, imechanika hapa na pale, imepinduka kama maandishi kwenye kioo. Ilikuwa namba mbili.

"Nilizipaka rangi siku moja kabla. Hazikukauka. Nilipochomoa tatu, mbili ilikuja nayo."

Mara Mbili alikipokea. Aliutazama uso, akautazama mgongo. Akaugeuza tena uso, akaurudia mgongo. Kidole chake kilifuata mkunjo wa ile mbili iliyopinduka.

Pikipiki zikaja. Watu wakasimama. Kinyozi akapiga tarumbeta juu ya vichwa vyao. Zikapita. Kifungo hakikuhama.

"Ulijua lini?"

"Ulipopunga mkono."

"Kabla sijaja bandani."

"Kabla."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kaka, mbele ya watu. Ukaniambia mbili."

"Niliogopa. Mwenye timu alikuwa ananitazama. Nikasema nitakwambia nyumbani."

"Nyumbani." Mara Mbili alilirudia neno hilo taratibu, kama anayelipima uzito. Alikuwa hatazami tena barabara. "Tulienda kwa daktari. Ulikaa na mimi kwenye benchi."

"Nilikaa."

"Nikasoma mpaka herufi ya mwisho, na wewe umekaa."

Fundi aliikunja ile ngozi bandia iliyobaki tupu. Alikuwa amejiandalia maneno mengi kwa miaka mingi, akiwa juu ya cherehani, na hakuna hata moja lililokuja.

"Ungeniambia siku ile ningekutukana," Mara Mbili alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma orodha ya dawa. "Ningekutukana wiki nzima. Mama angetusuluhisha. Halafu ningepanda pikipiki."

Pikipiki zikaja tena, na tena. Hakuna kati yao aliyejua ni ya ngapi. Mara jukwaa zima likalipuka, watu wakaruka, chai ya mtu ikamwagika mgongoni mwa Fundi, na kinyozi akawakamata wote wawili mabegani akiwatikisa.

"Wa tatu! Mzee, binti yako wa tatu! Kampita yule mwekundu pale pale mstarini! Umeona alivyompenya?"

Mara Mbili aliinuka. Barabara ilikuwa tupu, moshi tu umetanda. Mbali, kwenye kona ya kwanza, pikipiki moja ilikuwa imepunguza mwendo, na aliyekaa juu yake alikuwa amesimama, mkono juu, akipungia jukwaa.

"Sikuona," alisema.

*

Sindano aliwafikia kwenye uzio na kikombe kidogo mkononi, bado anahema.

"Baba! Umeona?"

"Umefanya kazi ya watu wazima, mama," alisema baba yake. Akaupitisha mkono juu ya uzio, akamshika shavu. Fundi aliona kwamba mdogo wake hakusema kama aliona au hakuona.

"Haya, baba mkubwa! Sasa huna pa kukimbilia."

Fundi alifungua mdomo. Mdogo wake alimtangulia.

"Ubao nitashika mimi."

Sindano alimtumbulia macho. "Wewe? Si ulisema macho..."

"Macho yangu ni mazima. Nenda kaandike jina."

"Na baba mkubwa?"

Mara Mbili alimtazama kaka yake. Hakukuwa na hasira usoni pake, na Fundi angeitamani hasira.

"Baba mkubwa ni mtazamaji," alisema. "Atakaa jukwaani."

Binti alicheka, akadhani ni utani wa ndugu, akakimbia kupeleka jina. Miaka kumi na tisa iliyopita mdogo mtu alijibebesha kosa la kaka yake bila kujua. Leo alilibeba tena, akijua. Kibati alikuwa amekitia ndani ya koti lake, na hakukirudisha.

*

Walirudi bila redio. Mara Mbili aliendesha vizuri, kama siku zote, akiacha nafasi mbele. Walipofika nyumbani kwa Fundi, mke wa Fundi alikuwa amesimama mlangoni na leso mkononi.

"Shemeji, hupiti hivi hivi! Nimeshasikia habari za binti yetu. Ingia, chai iko mezani."

Shemeji hakataliwi. Mara Mbili alishuka, akafunga mlango wa gari, akatembea. Hatua tano, kumi, kumi na tano. Alivuka kizingiti bila kugeuka nyuma. Fundi, aliyekuwa anamfuata akihesabu hatua hizo kimoyomoyo, alihisi kitu kikilegea kifuani. Kwa dakika chache aliamini kwamba neno moja linaweza kufumua kilichoshonwa na neno moja.

Walikaa. Mke wa Fundi alizungumza kwa niaba ya wote watatu. Mara Mbili alijibu inavyopasa, akanywa chai mpaka nusu kikombe. Vidole vyake vilianza kugonga goti. Akatazama dirisha, akarudisha macho kwenye kikombe, akatazama dirisha tena.

"Samahani, shemeji," alisema, akainuka.

Fundi alimwona kupitia dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akavuta mpini. Ulikuwa umefungwa. Akauvuta tena. Kisha akabaki amesimama pale, mkono ungali juu ya mpini, akiutazama mkono wenyewe kama anavyotazamwa mgeni asiyetaka kuaga. Hakurudi ndani. Alifungua gari, akaingia, akaondoka.

Mke wa Fundi alikuwa ameanza kucheka, kikombe cha shemeji mkononi. "Huyu naye! Nakwambia siku akifa..."

"Usimcheke," Fundi alisema.

"Heh! Leo kuna nini? Miaka yote tunamcheka."

"Ndiyo." Aliendelea kutazama dirisha, mahali gari lilipokuwa. "Kaa chini, mama. Ile ni kazi ya mikono yangu."